Nyumba ya Mama Mbele ya Jumba la Mawe

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Garissa, na nikikasirika huwa sifichi. Kamati moja ya kuandika kitabu cha nyumba za kale iliniletea bwana mwenye faili. Nikampeleka kwenye daraja la Tana, soko la mifugo, na jumba la mawe alilokaa afisa wa kikoloni. Akaandika yote. Mwisho nikampeleka kwetu, kwa sababu nyumba kongwe kuliko zote ninazozijua iko stoo kwa mama.

Ni aqal, nyumba ya wafugaji wanaohama: fito za mizizi ya mgunga zilizopindwa, mikeka ya nyasi, na kamba. Bibi aliitengeneza akampa mama alipoolewa, maana kwetu nyumba ni mali ya mwanamke. Ngamia wameibeba kutoka Modogashe hadi mtoni na kurudi, mara ngapi hata mama hajui. Fito zimekuwa nyeusi kwa moshi na samli.

Yule bwana akaligusa furushi la fito hizo kwa ncha ya kiatu. "Dada, hizi si kuni? Mimi natafuta nyumba. Ploti nambari ngapi?"

Kuni! Damu ilinichemka. Nilikuwa na la kumjibu, tena la matusi, lakini mama akanishika mkono. Mgeni alipotoka ndipo mama akasema, "Nikifa mtazichoma."

"Wallahi hatuzichomi, hooyo," nikamwapia mama yangu.

"Mtazichoma. Ameshawafundisha kuziita kuni."

Nikaenda kuibembeleza kamati. Wakaniambia nyumba isiyo na ploti haiandikwi, na Jumatatu wanakutana kwenye jumba la mawe kupiga picha, basi, kitabu kifungwe. Mama aliposikia akauliza jambo moja tu: "Mbele ya hilo jumba, udongo ni laini?"

Jumatatu asubuhi tulifika na furushi letu juu ya mkokoteni wa punda, mama na majirani zake watatu, wote magoti mabovu. Askari wa langoni akadai barua ya ruhusa.

"Ala! Kwani mama yako alikuzalia ndani ya barua?" mama akamwuliza. Askari akacheka, akafungua.

Wakachimba, wakasimika, wakafunga. Mama hakupima kitu. Kila ufito aliujua mahali pake. Kabla ya adhana ya adhuhuri nyumba ilikuwa imesimama. Wanakamati wakatoka barazani na mpiga picha wao.

"Nani amewaruhusu kujenga hapa?" yule bwana akafoka.

"Sijajenga. Nimehamia," mama akamjibu kutoka mlangoni. "Karibu ndani. Lakini vua viatu."

Akakataa. Mpiga picha akapiga picha zake, kisha akavua, akainama, akaingia.

Kitabu kilipotoka, hatumo. Nilikisoma mara tatu nikiwalaani. Halafu nikaitazama vizuri picha ya jumba la mawe: mbele imesimama nyumba ya mama, naye mlangoni, kanuna. Jumba lenyewe linaonekana bati la paa tu. Shauri yao! Sasa wageni huja na kitabu, kidole kwenye picha, wakiuliza hii ni nyumba gani, nami nawapeleka kwetu.

Fito zimefungwa, zimelala sakafuni stoo. Hata hivyo mama hamruhusu mtu kuingia humo na viatu.