Pua ya Chombo cha Nyota

Siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu, bibi kizee mmoja alisimama mlangoni mwa sali, ukumbi wa mtaa wetu wa Kadutu, Bukavu, akatazama chombo cha kwenda kwenye nyota nilichokuwa nimekijenga kwa mikono yangu, akakataa kuingia. Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinionyesha vile vyombo unavyochora, vya kupasua mbingu, ukaniuliza kipi kinatangulia, uzuri au kazi. Swali zuri sana hilo. Tuligombana karibu kupigana kwa ajili yake wakati hata baba yako hajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Majina ya ubatizo tumeyaweka kando, wanaume wamevaa abacost, koti lisilo na tai, na kila mtu anaitwa citoyen, yaani mwananchi, hata yule anayekuibia kwenye kipimo cha maharagwe sokoni. Sisi vijana wa mtaa tulikuwa na kikundi cha teatre. Rafiki yangu Mugisho, kichwa kikali cha fizikia na mdomo mkali zaidi, alitunga mchezo: watu wa Kivu wanaondoka duniani kwenda nyota nyingine, na safari ni ndefu hata watakaofika ni wajukuu wa walioondoka. Mimi ndiye niliyejua kuchora, basi nikapewa kujenga chombo.

Kamanda wa chombo alikuwa Nabintu. Sauti yake ilijaza sali bila yeye kupiga kelele, na katika kikundi kizima hakuna mwingine aliyeiweza nafasi ile. Lakini wazazi wake walikuwa Kamituga, yeye alikuwa akilelewa na koko yake, mama wa mama yake, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi. Na huyo koko alitoa neno moja tu: "Mujukuu wangu hataingia mu kintu yenye sijaona." Basi mchezo wetu wote ukawa mikononi mwa koko. Nabintu alikuwa ameshika maneno yote kichwani, anayasema akitwanga sombe, majani ya muhogo, anayasema akianika nguo. Baada ya likizo angekwenda kukaa na wazazi wake Kamituga, na alijua kwamba asipocheza safari hii, basi tena.

Chombo changu cha kwanza, mwanangu, kilikuwa bibi arusi! Mianzi, karatasi za mifuko ya saruji, rangi ya fedha juu yake. Pua ndefu, kali kama sindano ya kushonea magunia. Mabawa manne nyuma, na ukanda mwekundu ubavuni. Nilikuwa nimeviangalia vyombo vya namna hiyo katika magazeti ya picha yaliyotoka Ulaya, tuliyokuwa tukiazimana mpaka yanachanika.

Mugisho alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mabawa ni ya nini? Kule juu hakuna upepo. Ukitupa sufuria kule, itaenda tu sawa mushale."

Nilikasirika, usiseme. Lakini wakati huohuo ile sufuria iliniingia kichwani ikakataa kutoka. Kumbe kule juu umbo lolote linakwenda? Basi nani aliyesema chombo cha nyota lazima kiwe na pua?

Koko alikuja kukikagua. Alikizunguka polepole, akikigonga kwa kidole mahali hapa na pale, na uso wake ulikuwa wa mtu anayenunua mbuzi. Kwake hakukuwa na mchezo wala teatre, mjukuu wake anasafiri.

"Batu ngapi batakaa humu?"

"Mia mbili, koko," Mugisho akajibu.

"Na mwanamuke akishikwa na uchungu, atazalia wapi?"

Akaendelea kuzunguka.

"Kyoo iko wapi?"

Watu wote walicheka. Yeye hakucheka. Aliaga kwa heshima, akamchukua Nabintu, wakaenda zao.

Wacha Mugisho afurahi! Alikishika chombo, akakifanya upya kwa akili yake. Mapipa makubwa ya mianzi yameunganishwa, hili la kulala, hili la jiko, hili la bustani ya sombe na ndizi, chumba cha kuzalia, na choo, tena choo chenye mlango. Rangi hakuna. Alitueleza kila kona ina kazi gani, na ukweli nilisikiliza kwa hamu, ingawa nilikuwa nimenuna. Nabintu, aliyemwita yaya kama kaka yake mkubwa, ndiye aliyemkata maneno.

"Yaya Mugisho, hii ni chombo ao ni depo ya pombe? Mutoto azaliwe humu, azeeke humu, macho yake yatakula nini? Miye siingie."

Tukakubaliana, baada ya siku za kutoongea: ndani ni kwa Mugisho, nje ni kwangu mimi. Nikarudisha rangi ya fedha, nikarudisha pua yangu, safari hii ndefu zaidi. Kazi imo, uzuri upo, nani atatushinda? Nikakigeuza kielekee mlangoni, ili koko akifika aanze kuona pua.

Alikuja Jumapili, akitoka kusali, amevaa kikwembe chake kizuri. Akafika mlangoni, akasimama. Nikaona mkono wake unatafuta mkono wa Nabintu bila macho kuondoka kwenye chombo.

"Tuende nyumbani," akasema.

Mimi nina hasira za karibu, hata leo unanijua. Nikamkimbilia barabarani. "Koko! Kyoo iko! Mahali pa kuzalia iko! Sasa unataka nini tena?"

Hakuwa na hasira yeye.

"Vita ilipokuja hapa Bukavu," akasema, "ndege ilitokea juu ya ziwa na pua kama ile. Nilishika huyu mutoto mukono, tukakimbia. Sikugeuka. Mupaka leo siwezi kukwambia nani alibaki nyuma yangu anaomba musaada." Akaonyesha sali kwa kidole. "Sasa uniambie. Kule munaenda, kuko batu?"

"Kuko, koko."

"Bako na batoto?"

"Bako."

"Bakiona ile pua inashuka juu ya nyumba zao, bataona kama muko na kyoo ndani?"

Mwanangu, nilikosa pa kuweka uso. Mimi nilikuwa nimefikiria anayekitazama chombo kwa kupenda, Mugisho alikuwa amemfikiria anayekaa ndani. Wote wawili, na masomo yetu yote, hatukuwa tumemkumbuka hata siku moja yule anayekiona kikija kwake. Niliumia, kwa sababu mimi pia nilikimbia siku zile za vita, miaka michache kabla, nami nikaenda kuichora ndege ileile na kuipaka rangi ya fedha.

Sasa ndipo kazi ikaanza kuwa tamu. Mugisho nami tulishuka mpaka kando ya ziwa, tukakaa tukitazama mitumbwi na maboti yanayotoka Idjwi, tukiwauliza wavuvi: mnajuaje, chombo kikiwa bado mbali, kama kinaleta heri ama shari? Walitucheka kwanza. Kisha wakatueleza. Boti la arusi linajulikana kabla hujasikia nyimbo, maana limefungwa majani ya migomba, na watu wamesimama wima, mikono inaonekana. Boti la wanaoleta maiti, watu wamekaa, limetulia. Lakini boti la askari limefungwa pande zote, huoni uso wa mtu, na linakujia moja kwa moja.

Tulirudi tukipanda mlima wa Kadutu tunabishana kama vichaa. Je, kama watu wa kule hawana masikio? Je, kama hawajui mgomba ni kitu gani? Mugisho akasema labda wanaona joto tu, hawaoni rangi. Nikamwambia basi tuwaonyeshe joto la watu waliosimama nje, siyo joto la moto. Akasema hilo hajawahi kulifikiria. Sijui kama nimewahi kufurahi na rafiki kuliko mchana ule.

Tukakata pua. Chombo tukakilaza kije kwa ubavu, ubavu mpana, na katikati tukafungua mlango mkubwa kama lango la kwao na bibi arusi. Ndizi za bustani ya Mugisho tukazisogeza mpaka pande mbili za mlango: zinaliwa, na zinaonekana. Mbele ya mlango tukaweka ubaraza, ili wasafiri wasimame hapo kabla ya kutua, viganja wazi. Mama zetu wakatuazima vikwembe, tukavifunga kwenye mianzi. Mugisho alidai vitakinga jua la nyota. Mimi nilisema vinapendeza. Tuliacha hivyo.

Koko hakuja kukikagua tena. Siku ya mchezo Nabintu alifika amevaa mavazi ya kamanda. "Amesema niingie," akatuambia. "Yeye atakaa karibu na mulango. Akisimama, mimi nitoke mu chombo, twende."

Basi tukacheza, jicho moja kwenye mchezo, jicho moja mlangoni. Wazee wakafia safarini, watoto wakazaliwa katika chumba cha Mugisho. Mwisho chombo kikaanza kushuka, vijana wanakivuta kwa kamba, ubavu mbele, wasafiri wamesimama ubarazani na Nabintu katikati yao, mikono wazi.

Koko akasimama.

Nilimwona Nabintu akikatiza maneno yake. Kamba zikasimama. Bibi yule akapita katikati ya mabenchi, polepole, akifunga vizuri kikwembe chake, mpaka akafika chini ya ubaraza. Akamtazama mjukuu wake kama hamjui, akafungua mikono miwili.

"Karibuni!" akasema kwa sauti. "Mumetoka mbali. Muingie, mukule."

Sali nzima ikasimama. Watu wakapiga makofi, wakaitikia karibuni, karibuni, mpaka kamanda wetu akaanza kulia akasahau maneno yote yaliyobaki. Hayakuhitajiwa.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Chora kizuri, maana macho nayo yana njaa. Weka choo na mahali pa kuzalia, maana ni watu unaowabeba. Ukimaliza vyote viwili, toka ndani ya chombo chako, nenda ukasimame kwenye ua wa yule ambaye hajawahi kukuona, unyanyue macho, uone kinachokuja. Kama moyo wako unakwambia kimbia, chukua kisu ukate pua. Na hivyo ufanye pia kwa maneno yako, kwa nguo zako, kwa namna unavyoingia katika nyumba ya mtu.

Mungu akupe mikono yenye akili. Akupe rafiki wa kubishana naye mchana kutwa. Na popote utakapotua, wakutane nawe watu wasiokimbia.