Riwaya ya Mjomba Isiyo na Jina

Riwaya ya kwanza niliyoipenda ilinuka mafuta ya cherehani. Haikuwa na jalada la rangi wala picha ya mwandishi aliyeshika kidevu. Ilikuwa madaftari sita ya shule yaliyounganishwa kwa uzi mweusi, mshono wa mara mbili, maana aliyeiandika ni mjomba wangu Hamisi, fundi wa nguo hapa Tabora, na fundi hata akiandika hushona. Juu ya daftari la kwanza palikuwa na majina matano ya kitabu, yote yamekatwa kwa kalamu. Mjomba hakuweza kuamua. Ndivyo alivyo: ukimwuliza chai au uji, chai itapoa na uji utaganda yeye bado anafikiri.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ile redio ilipotuhimiza asubuhi na jioni kwamba mtu mzima asiyejua kusoma akajiandikishe. Barazani kwa mjomba pakafunguliwa darasa, saa kumi alasiri, ubao umeegemezwa ukutani kando ya cherehani, na mjomba akawa mwalimu wa kujitolea. Wanafunzi walikuwa mama zetu wa mtaani na mzee Mrisho, muuza kahawa, aliyekuja na birika lake ili asikose wateja. Tatizo lilikuwa kitabu. Tulipewa kimoja tu, nacho kilieleza jinsi ya kupanda tumbaku, kuvuna tumbaku na kukausha tumbaku. Kwa wakulima wa Usoke ni kitabu cha maana sana, lakini hawa wa kwetu shamba lao ni tuta la mchicha nyuma ya choo. Wiki ya nne wakabaki watano. Bwana wa elimu akapita, akahesabu vichwa, akasema watu wasipoongezeka ataubeba ubao wake.

Siku iliyofuata mjomba akalala na homa, akanituma niwasomee wanafunzi ukurasa wa tumbaku. Mimi huyo! Kumwachia fisi bucha. Nilikwisha kuyaona madaftari yale chini ya kapu la vitambaa, nikayachomoa, nikapanda juu ya kigoda na kuanza.

Kilikuwa kisa cha kijana fundi aliyempenda binti wa nyumba ya tatu. Kila alasiri humsikia akisoma msahafu dirishani, na sauti ile humfanya ashone mkono wa shati mahali pa kola. Haya inamzuia kutuma mshenga. Basi binti anapoleta kitambaa cha gauni la Idi, fundi anaandika barua, anaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa gauni. Anangoja siku saba. Anangoja mwezi. Jibu haliji. Masika yakaingia, binti akaolewa na mtu wa reli, akapandishwa treni kwenda Kigwa. Hapo ni mwisho wa daftari la pili. Manne yaliyobaki kijana anajiuliza tu. Pengine hakuiona. Pengine aliiona akacheka. Pengine ilifuliwa pamoja na gauni. Kurasa na kurasa za pengine, na treni ikipita anaisikiliza mpaka mlio wake uishe, halafu anaendelea kuusikiliza mlio ulioisha.

Mimi nilisoma kwa madoido. Kijana nilimpa sauti ya mbuzi. Darasa likacheka mpaka mzee Mrisho akamwaga kahawa.

"Huyo si mwanamume, ni pazia," alisema. "Upepo ukivuta ndani, ndani. Ukivuta nje, nje."

"Mwacheni mwana wa watu," mama mmoja akamjibu. "Wewe mwenyewe uliposwa na mkeo."

Nikaongeza la kwangu, kwamba babu za watu wa hapa walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani bila kuzitua, na mjukuu wao kashindwa kubeba neno moja hadi nyumba ya tatu. Wakanishangilia. Lakini nikwambie ukweli: nilipofika katikati ya zile pengine, sauti ya mbuzi ilinikauka yenyewe. Hakuna kilichokuwa kikitokea mle ndani, mtu mmoja tu anapanga na kupangua, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuteka maji. Mpaka leo sijui mjomba alifanyaje. Kesho yake baraza halikutosha, wengine wakakaa juu ya matofali.

Siku ya tatu mjomba akapata nafuu, akatokea mlangoni na shuka begani, akanikuta juu ya kigoda nikimsoma yeye. Nilifumba macho kungoja kofi. Nilipoyafumbua alikuwa amekaa kwenye cherehani, anakanyaga polepole ili isinimeze sauti. Sijawahi kuona mtu anashona kwa kunong'ona.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mrefu, kanga mpya, daftari jipya. Mumewe, mtu wa reli, alikuwa amehamishiwa stesheni ya hapa kutoka Kigwa. Mtu mwenye akili angeshtuka palepale. Mimi nilikuwa nashughulika kutafuta ukurasa.

"Shikamoo, mama. Jina lako?" nilimwuliza, maana mimi ndiye niliyeandikisha.

"Marahaba, mwanangu. Zuhura binti Juma."

"Na kusoma unajua kidogo?"

"Ningejua ningekuja? Msahafu nilihifadhi kwa sikio tu, nafunua ukurasa wowote mkono ukinituma."

Cherehani ikasimama. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole cha mjomba. Alikuwa akimtazama Bi Zuhura kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima miaka kumi na miwili, akaukuta mlangoni, kwa nje. Hakuna pengine hata moja katika madaftari sita iliyosema hivyo: pengine hajui kusoma. Fundi wa maneno alimwandikia mtu asiyeziona herufi, na barua iliyo mfukoni mwa gauni huwezi kumpelekea baba yako akusomee.

Tangu siku hiyo nilifunga mdomo, jambo lililoitia nyumba nzima wasiwasi, mama akanipikia uji wa mwarobaini. Mjomba aliwaita wote ubaoni isipokuwa Bi Zuhura. Bi Zuhura naye alijifunza kama anayekimbizwa; hata dukani alisimama kusoma magunia. Jioni moja aliniomba, "Hebu nisomee tena pale pa barua." Nikasoma, bila mbuzi. Alisikiliza akiwa ameinamia vidole vyake, kisha akasema, "Basi. Iliyobaki nitasoma mwenyewe." Nikajua kwamba ile karatasi bado anayo.

Mtihani wa mwisho, bwana wa elimu aliamuru kila mmoja aandike barua fupi. Mimi nilikusanya makaratasi, na macho yangu hayana adabu. Ya Bi Zuhura ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama nguzo za simu:

*Kwa fundi. Barua yako nimeisoma jana. Nilikuwa sijui kusoma. Ningesema ndiyo. Mume wangu ni mtu mwema. Nishonee gauni la Idi, ila usitie mfuko.*

Mjomba aliisoma amesimama. Akachukua kalamu nyekundu, akaweka alama ya vema, akaandika "Amefaulu." Halafu akaingia ndani kunawa uso, jua lingali juu, na akanawa muda mrefu. Gauni alilishona kwa siku mbili, kola ya lasi, halina mfuko. Karatasi ile aliishona mwisho wa daftari la sita.

Sasa niko kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa fasihi anataka kila mhusika mkuu awe analima shamba la kijiji. Nilimwandikia insha kwamba riwaya bora niliyowahi kusoma ina fundi mmoja, gauni moja na shamba hakuna. Akaandika pembeni: "Acha mzaha." Na mimi ni mtu wa mzaha kweli, lakini siku ile sikuwa nikitania. Siku hizi watu wote wa baraza lile wanasoma. Mzee Mrisho anawasomea wateja gazeti hata wakimsihi aache. Nao bado wanauliza madaftari yako wapi, wasome wenyewe.

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba ameanza riwaya mpya. Ina jina, moja tu, halijakatwa. Kijana anamwona binti, anavuka barabara, anamwambia kwa mdomo wake. Nikafunua ukurasa wa nne, imekwisha.

"Mjomba, mbona fupi?"

Akang'ata uzi, akautema.

"Walioana."