Nyumba ya Mungu Nyuma ya Lori

Mji wa Kasese nimeupaka rangi mimi. Usibishe. Tembea kutoka Nyamwamba mpaka inapoanza barabara ya Bwera: kila ubao unaopendeza macho ni mkono wangu, na ule unaoumiza macho ni wa mtu mwenye cheti. Mimi shule niliiacha darasa la tatu kule Karambi, au yenyewe iliniacha, mpaka leo hatujaelewana. Lakini nina karakana yangu na ngazi yangu ya chuma, na kuna watu wenye digrii wanaosimama chini ya ngazi hiyo wakiniita bosi.

Watu huniuliza mawazo nayatoa wapi. Wachoraji wengine watakwambia wanaota. Mimi nikilala, nalala. Mawazo yangu yanatoka kwenye karata.

Hizo karata nilizinunua soko la Mpondwe, kwa mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge na vitu vya mitumba. Nilidhani ni za kuchezea matatu. Sisemi gari, nasema ule mchezo wetu wa karata unaomaliza jioni za wanaume wa Uganda. Nikazigawa mezani kwa marafiki, hakuna aliyejua acheze nini. Kulikuwa na mtu ananing'inia mguu mmoja kama mbuzi buchani. Kulikuwa na mwanamke anayefunga mdomo wa simba kama mtu anayefunga gunia la kahawa. Wenzangu wakazitupa, wakasema nimeuziwa vyombo vya mganga. Nikaziokota. Wao waliona uchawi, mimi niliona kazi.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kopo la rangi asubuhi, nazichanganya, navuta moja, naikodolea macho mpaka itoe kitu. Siiulizi kesho yangu itakuwaje. Kesho yangu naijua, nitakuwa juu ya ngazi. Naiuliza nichore nini, basi. Yule mwanamke nilimpeleka saluni, simba nikamgeuza kuwa nywele, na wateja wakataka wote wasukwe simba. Jamaa mmoja mwenye pembe na mabawa nilimnyoa mabawa nikampa mwenye banda la mbuzi choma. Halafu kulikuwa na mifupa mitupu inafyeka shamba. Nikaitia nyama kidogo, nikaivalisha buti za mpira, ikawa tangazo la muuza mafyekeo kule Bugoye. Pasta wa huko alimsifu mkulima yule mbele ya waumini: tazameni mtu mwembamba asiyechoka.

Basi wakati nimeshika mji hivyo, akaja kijana na mashine ya stika. Kijana amesoma, anakaa kwenye kiti kinachozunguka, anabonyeza, picha inatoka imekauka tayari. Mabango ya maduka yakaanza kwenda kwake moja baada ya jingine, kama kuku wanaofuata mtama. Yakanibakia malori. Na malori, ukisema malori huku kwetu, umesema Hajji.

Hajji ni msafirishaji wa Bwera, anabeba kahawa na saruji, na watu wakisikia honi yake wanajua ni saa ya kutoka barabarani. Alileta lori jipya karakanani, akashuka, akanyoosha kidole.

"Fundi, usiniwekee kiumbe chenye roho. Hapana simba, hapana tai, hapana mucheza mpira. Weka kitu ya Mungu. Ikinipendeza, malori yote yangu iko yako. Isiponipendeza, yote inaenda kwa yule kijana."

Unaona ilipofika. Bila malori ya Hajji, ngazi yangu ingekuwa ya kuanikia nguo.

Asubuhi yake nikavuta karata. Ikatoka jengo refu la mnara, moto unashuka kutoka juu, taji la juu limeinuka, na watu wawili vichwa chini, mikono yao inagusa ardhi. Chini kuna maandishi ya Kifaransa. Kifaransa changu kinaishia *merci*, kwa hiyo siku hiyo nilipokwenda Mpondwe kutafuta rangi, nikapita kwa yule mama.

"Mama, hapa wameandika nini?"

Alikuwa anapima kitenge, hakuinua hata kichwa vizuri. "*La Maison Dieu*. Nyumba ya Mungu, papa. Unanunua kitenge ao unanunua Kifaransa?"

Nyumba ya Mungu! Mtu aliyesoma angeendelea kuuliza mpaka baraka ikimbie. Mimi nikageuka na kurudi. Mnara ukawa mnara wa msikiti. Taji likawa kuba. Moto ukawa nuru ya dhahabu inayoshuka taratibu. Wale wawili nilijua wanafanya nini, wanasujudu, lakini kwa kuwa ni viumbe, niliwaacha ndani ya karata wamalizie sala yao. Nilipomaliza, Hajji alizunguka lile lori, akafuta vumbi kwenye kuba kwa kanzu yake mwenyewe. Kanzu nyeupe! Madereva wakasema hata afande wa kizuizi cha barabarani siku hizi anapiga kelele: "Toka njiani! Pitisha msikiti!"

Hajji akaniambia nitayarishe rangi za lori la pili.

Siku ya kulileta, alikuja na yote mawili, jipya mbele, la pili nyuma. Ndani ya lile jipya alikuwa amempa lifti mama mmoja mwenye mizigo ya vitenge. Huyo huyo. Akashuka, akazunguka nyuma kuteremsha mzigo wake, na tukasikia anacheka. Alicheka mpaka akakalia mzigo.

"Papa fundi, kumbe umechora ile karte? Kwa lori ya mutu?"

"Karata gani?" Hajji akauliza.

Nilimkonyeza mama. Mkongo hakonyezwi.

"Karte ya ramli, Hajji. Hii ni nyumba ya kuanguka! Radi inaipiga, batu banaanguka kwa dirisha. Kwetu Beni hata mutoto anaijua."

"Ulisema Nyumba ya Mungu!" nikamwambia.

"Uliniuliza jina. Uliniuliza maana?"

Hajji akanigeukia. Sijawahi kuona ndevu zinakasirika, siku hiyo niliziona. "Wewe umepiga ramli juu ya lori yangu? Leta hiyo karata."

Nikaileta. Akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota mjusi.

"Hawa wawili wanafanya nini?"

"Wanasujudu, Hajji."

"Wanasujudu hewani?"

Dereva wa lori la pili alikuwa bado hajazima injini. Nilijua Hajji akiinua mkono tu, lori lile linakata kona kwenda kwa kijana wa stika, na mengine yote nyuma yake. Mtu mwingine angelia. Mimi nimeanza maisha kwa kubeba maji, siogopi ndevu.

"Hajji," nikasema, "walioanguka niliwaacha. Radi niliigeuza nuru. Nikachukua nyumba peke yake. Muulize mama, hii ya lori inaanguka?"

Mama akaitazama tena, akafuta machozi ya kicheko. "Ukweli, hii haiangukake. Imesimama muzuri."

"Lakini imetoka kwa ramli," Hajji akasema.

"Na kahawa yako inatoka kwa mavi ya ng'ombe. Mzungu anakunywa, anakuuliza?"

Dereva akaangalia usukani. Kisha tumbo la Hajji likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka puani kama maji yaliyompalia mtu.

"Fundi, wewe ni muongo wa kazi nzuri. Zima injini," akamwambia dereva. Halafu akanyoosha mkono kwangu. "Hii lori ya pili, mimi nachagua mwenyewe. Sipigi ramli, sikia vizuri. Nachagua muchoro."

Nikampa karata zote. Mtu asiyepiga ramli akazichanganya vizuri sana, akasema Bismillahi, akafumba macho, akavuta moja. Akafumbua.

"Mwezi!" Uso ukamng'aa. "Tazama, mwezi wa Mungu. Lakini hizi mbwa mbili zinabweka nini?"

"Mbwa naondoa, Hajji."

"Na hii mududu ndani ya maji?"

"Naondoa na maji yake."

Mama alikuwa amesogea kuangalia juu ya bega lake. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Mama, hapana," Hajji akasema. "Iache hapo hapo, na Kifaransa yake."

Mimi nilikuwa tayari nimefungua kopo la bluu.