Tumemzika buibui wa mume wangu

Jamani, leo nimezika buibui, na sasa naogopa kuingia chumbani kwangu.

Yule mkubwa kama kiganja, mwenye manyoya, ambaye mume wangu alipewa na Mzungu wa shamba la mkonge akamfuga kwenye debe la udongo.

Asubuhi nimefunua debe, nikamkuta kalala chali, hatikisiki.

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Nilitaka kumtupa jaani, mama mkwe akanikataza. Eti buibui ndiye aliyetanda utando kumficha Mtume pangoni, ana heshima yake.

Basi tukamfunga kitambaa cheupe, tukamzika uani. Alikuwa mwepesi kama jani kavu, wala sikujiuliza.

Udongo wa debe nikaumwaga, donge zima, kwenye chungu cha mrehani, dirishani pa chumba chetu.

Adhuhuri mume wangu karudi kula. Nikampa pole. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mmezika ngozi. Huyu hujivua kama nyoka."

Kisha akalitazama debe tupu, kicheko kikamkatika.

"Na mwenyewe umemweka wapi?"

Niko uani, nalitazama dirisha. Upepo hakuna, lakini mrehani unatikisika.

Nani kwenu huko Makorora ana nafasi ya kunilaza leo?