Viganja Nilivyomficha Baba

Silva naitreti ukishaiyeyusha inafanana na maji kabisa, na hapo ndipo shida iko. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya Kitengela. Kazi yangu ni kupima dawa, kuosha chupa na kugombeza wanafunzi wasiosikia. Vaeni glavu, vaeni glavu, ndio wimbo wangu. Na siku ile, nikitayarisha mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne, chupa ya dawa hiyo ikapasuka mezani, nami nikapangusa na kitambaa, mikono mitupu. Mganga hajigangi.

Kaka yangu alikuwa amepiga simu asubuhi: mzee amelemewa, njoo. Niliondoka kazini mikono ikiwa safi. Dawa hiyo haikuchafui papo hapo, inangoja mwanga. Nilishuka barabarani mbele ya Isinya nikatembea mpaka nyumbani, jua likiniwakia mikononi. Nilipofika langoni viganja vilikuwa na madoa ya kahawia. Kufikia saa ya chai vilikuwa vyeusi tititi. Nilisugua na sabuni, nikasugua na majivu, nikasugua na mchanga. Wapi.

Baba yangu hakusoma. Aliponipeleka shule, mimi mtoto wa kike, ndugu zake wakamcheka, naye akawaambia mikono ya huyu haitashika masizi. Neno hilo alilirudia kwa kila mgeni, hata nilipokuwa mtu mzima, akininyanyua mkono awaonyeshe kama mtu anayeuza mbuzi. Nilikuwa nikiona haya na kufurahi pamoja. Sasa ningemwonyesha nini?

Alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni. Nilimwinamishia kichwa, kama tunavyowasalimu wazee, naye akakishika. Hakukiachilia haraka kama kawaida yake. Alinipapasa paji la uso, kisha masikio, polepole.

"Ni wewe," akasema. Nilidhani ni mapenzi tu.

"Lete mikono, enkerai."

Mtoto, aliniita, mimi mwenye mvi. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate kidogo viganjani, na mate hayo hayafutwi. Kaka zangu walikuwa wamebarikiwa asubuhi hiyo. Nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, na hakuna kitu nilichokitaka zaidi. Lakini nikaificha mikono ndani ya leso.

"Nitarudi mtihani ukiisha, baba. Leo niko na uchafu."

"Uchafu gani?"

"Wa kazi."

Mkono wake ulikaa juu ya shuka, umefunguka. Kisha akaurudisha ndani.

"Haya," akasema. "Kazi ni nzuri."

Ningemweleza tu. Baba, hii ni dawa, si masizi, ni hiyo shule yako imeniandika. Angecheka. Lakini mimi na kiburi changu tulikuwa tumeshapiga hesabu: ngozi hujibadilisha yenyewe, baada ya wiki mbili hivi madoa yataisha, nitarudi na mikono ile anayoijua. Ujinga wa mtu aliyesoma hauna dawa.

Alifariki siku ya nne.

Baada ya maziko nilikuwa naosha vikombe na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye aliyemuuguza. Akavitazama vidole vyangu, bado vyeusi, vikianza kubambuka.

"Ni hii ilifanya ukatae kumpa mzee mikono?"

Nikaitikia.

Akaweka kikombe chini. "Wifi, mzee alikuwa haoni. Macho yalizima tangu mvua ianze. Alitukataza kukuambia kwa simu, alisema utaacha kazi ukuje."

Nilikumbuka vile vidole vikitafuta masikio yangu. Nililia pale pale karaini, na wifi akaniacha nilie, akaendelea kuosha.

Kabla ya wiki mbili kuisha ngozi yote ilikuwa imebambuka. Mikono ikabaki safi, haina doa hata moja, mikavu.