Nurse, kabla hujatuma CV kwa kliniki ya supermarket, soma ya yule mama wa ulcers

Wakuu, mko salama? Hii ni yangu mwenyewe, sikuambiwa na mtu na sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha na supermarket sitaitaja, kwa sababu bado ndiyo inanilisha.

Mimi ni nurse. Nimefanya wodi za serikali mpaka magoti yakaanza kulia, halafu contract ikaisha na hakuna aliyenipigia simu. Naishi Mowlem, hapa Nairobi, na watoto wangu.

Kila wakati kuna nurse ananiingilia inbox: "Sis, ni kweli hizo kliniki za supermarket ni kazi rahisi? Nitume CV?"

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nitaandika hapa mara moja, tumalizane.

Tuanze na mazuri. Ni kweli ni rahisi. Hakuna night shift. Uniform unaivaa asubuhi ikiwa safi na jioni unaivua ikiwa bado safi. Hakuna mtu anakutapikia, hakuna relative anakufokea kwa corridor.

Yetu iko Tassia, kachumba kamebanwa katikati ya mikate na sabuni. Mtu anakuja kununua unga, anakumbuka mgongo unamuuma, anaingia kwako na trolley yake. Nje spika inapiga kelele ya offer ya mafuta ya kupika siku nzima.

Wiki za kwanza nilisema Mungu ni nani! Hapa ndipo nitazeekea.

Sasa sikizeni.

Kwa wodi mgonjwa anakuambia anaumwa wapi, nyinyi mnatafuta ugonjwa. Kwa supermarket ugonjwa anakuja nao kutoka nyumbani. "Daktari, nidunge ile ya typhoid." Ukimuuliza homa ilianza lini, anaangalia saa. Anaona kama cashier amemuuliza sukari ataifanyia nini.

Halafu kuna ulcers, vidonda vya tumbo. Wenye mnaishi Eastlands mnajua. Ukikosa lunch, ni ulcers. Ukikosana na landlord, ulcers zimeamka. Kitu chochote kikiuma kutoka shingo mpaka kitovu kinaitwa ulcers, na kila jirani ana dawa yake. Marehemu nyanya yangu alikuwa nazo maisha yake yote na hakuna siku alipimwa.

Meneja wetu naye si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni kijana mpole, alikuwa anauza simu kabla aletwe kwetu. Lakini kwake hakuna mgonjwa, kuna mteja. Ukiandikia mtu aende hospitali kubwa, anakuja mlangoni na kichwa kimeinama upande: "Sista, kwani umefukuza mteja tena?"

Nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki.

Kulikuwa na mama tumuite Mama Nafula. Alikuwa na kibanda cha chakula karibu na mjengo, pale wanajenga ghorofa, chapati na ndengu, na mdomo wa kuchekesha barabara nzima. Alikuwa ananiita "daktari wa sabuni" kwa sababu ya mahali tulipowekwa. Nilimpenda, niseme tu.

Alikuwa anakuja mara kwa mara kudungwa sindano ya ulcers, ile ya kupunguza acid. Nilishamwambia aende apimwe vizuri. Anasema, "Nikienda huko, nani atapika?"

Siku moja ikikaribia lunch akaingia. Hakuniita daktari wa sabuni. Aliketi tu.

Alikuwa amelowa jasho na ilikuwa baridi. Ameweka kiganja hapa katikati ya kifua, anasema ulcers zimemshika vibaya, mpaka taya linauma na mkono wa kushoto umekuwa mzito.

Wenye ni ma-nurse hapa mmeshajua. Mimi pia nilijua kabla amalize kuongea. Huo ulikuwa moyo.

Nikamwambia, "Mama Nafula, hizi si ulcers. Huu ni moyo. Tunaenda hospitali sasa hivi, mimi na wewe."

Akanitazama kama nimemtukana. "Moyo? Moyo ni wa watu wakubwa wa maofisi. Mimi najua ulcers zangu. Dunga."

Kliniki yetu haina mashine ya kupima moyo. Lakini aspirin tuko nayo, na mtu wa hivyo unampa atafune wakati mnatafuta gari. Nikamtolea. Akaiona, akarudisha mkono wangu nyuma.

"Aspirin? Unataka kuniua? Kwani ni nani hajui aspirin inachoma ulcers?"

Na wakuu, hapo ndipo nilichoka kabisa, kwa sababu ni ukweli. Mwenye ulcers haswa, aspirin inaweza kumchoma. Mama alikuwa anajua dawa vizuri, ila ugonjwa haukuwa ule.

Kwa wodi ningeita tu, "Kujeni muone huyu!" na mwenzangu angekuja, na daktari angekuja, tungemzunguka mpaka akubali. Mahali niko, ukiita anakuja mtu wa mikate.

Akaja meneja. Akaona mteja amekasirika. "Mama, pole, keti, utahudumiwa." Halafu kwangu, polepole: "Sista, mpe sindano, ameshalipa."

Nikamwambia nikimdunga atajiona ametulia, atarudi kwa kibanda akidhani amepona. Sidungi. Aite taxi.

Meneja akabaki ameshika simu, ananitazama, anamtazama mama. Hakupiga.

Mama Nafula akasimama. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Dada yangu, nakusihi. Nitakulipia hata gari." Akautoa mkono wake taratibu, hata hakuwa na hasira tena.

"Watu wa mjengo wanatoka lunch saa hizi," akasema. "Nikishawauzia nitaenda kwa chemist ya stage, huko hawana maswali."

Nikamfuata mpaka kwa mlango mkubwa nikimuita. Akapungia mkono bila kugeuka. Nikapiga simu yake, iko busy, anaongea na mtu. Nikarudi kwa sababu ndani kulikuwa na mtoto wa homa na mama yake wananingoja.

Kwa chemist hakufika. Alianguka kwa kibanda, chapati zikiwa kwa moto.

Cashier wetu mmoja alinifariji na methali, eti sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa na nia nzuri. Nilitaka kumrushia kitu.

Baada ya mazishi, mume wake akaja. Mzee aliyefanyia reli kazi, ametoka kumzika kwao magharibi, suti ya mazishi bado kwa mwili. Akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wewe ndiye daktari wa sabuni?"

Nikasema ni mimi.

"Mama Nafula alinipigia simu siku hiyo. Akasema amekuja kudungwa, ukamkatalia." Sauti yake haikuwa juu. "Sindano moja tu, daktari. Si alikuwa amelipa? Ungemdunga tu, saa hii ungekuwa unamuona hapo nje."

Meneja alikuwa nyuma yake. Aliangalia chini.

Nilikuwa na maneno yote tayari. Kwamba ulikuwa moyo. Kwamba hiyo sindano isingemsaidia kitu. Kwamba nilimshika mkono akautoa, akachagua chapati. 

Nikasema, "Pole sana, mzee." Basi. Akavaa kofia akaenda.

Niliingia store nikalia juu ya gunia la mchele.

Kwa hivyo wewe unayeuliza kama utume CV: tuma, watoto lazima wale. Lakini kwa interview usiulize mshahara kwanza. Uliza ukisema huyu mtu aende hospitali, ni nani ana sauti ya mwisho, wewe ama meneja. Uliza gari la emergency linaitwa na nani. Wakianza kukuambia habari ya mteja ni mfalme, inuka uende zako. Na ujue utakuwa peke yako, hata kama supermarket imejaa watu.

Mimi natafuta pengine. Polepole, sina nguvu nyingi siku hizi.

Mzee bado anaishi Tassia. Huwa anakuja kununua mkate, na akipita mlango wangu anaangalia pembeni. Anaamini mimi ndiye niliua bibi yake. Nikimwambia ukweli, atajua aliyeikataa hospitali ni Mama Nafula mwenyewe, na hilo nalo ataishi nalo akiwa peke yake kwa nyumba.

Wakuu, nyinyi mngemwambia?