Jina Lisiloimbwa Alhamisi

Saa kumi na mbili asubuhi. Lyndon Baker amelala chali chini ya greda, vumbi jekundu limemjaa masikioni. Mkono mmoja unapaka grisi, mwingine unagonga chuma: ta-ta, ta-ta. Hatulii.

"Acha kupiga mashine ya watu," anamkemea Rexie, mpiga ngoma wa bendi yao. "Piga gitaa."

"Nipige nini? Wimbo umefungwa."

Wimbo wenyewe kila mtoto wa jangwa hili la Australia anaujua. Ni muziki wa roki wa hasira unaodai ardhi ya Waanangu, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, na kiitikio chake ni jina la dimbwi moja la maji, linaloimbwa kwa kelele mara nne. Lyndon aliutunga na binamu yake, aliyepewa jina la dimbwi hilo.

Binamu alifariki wakati wa baridi. Kwa Waanangu, jina la marehemu halitamkwi mpaka wafiwa waliachie. Sasa anaitwa Kunmanara, kama marehemu wengine. Redio imeuweka wimbo kando. Gazeti hili nalo halitaliandika jina hilo.

Lakini Alhamisi kampuni ya madini inakuja, pamoja na wakubwa wa serikali na kamera, kutaka kibali cha kuchimba palepale dimbwini.

"Imba 'dimbwi lile'," Rexie anashauri.

"Dimbwi lile! Watadhani tunalalamikia bomba lililopasuka."

Lyndon, 41, ndiye anayesawazisha barabara ya kwenda dimbwini. Nyumbani kwake wanalala watu kumi na mmoja. "Nikisikia injini ya gari geni, natoka mbio kutazama ni nani," anasema.

Jioni anakwenda kwa Noreen, dada mkubwa wa marehemu. Haombi kitu. Anakaa mbali na moto wake, amegeukia pembeni, anangoja.

"Unanuka grisi," Noreen anasema mwishowe. "Umefuata jina."

"Ndiyo, dada."

"Bado."

"Watachimba, dada."

"Nimesema bado! Mimi ningali nalia." Anachochea moto. "Lakini nani kawaambia mkae kimya? Pigeni. Mkifika penye jina, acheni pengo, msiliimbe. Wakiuliza mbona, waleteni kwangu. Wanataka ushahidi kwamba pale ni petu? Nitawaambia pale ni mdogo wangu, na msiba haujaisha."

Rexie, akielezwa kesho yake, haridhiki. "Watu wa televisheni watadhani spika zimekufa."

"Na wadhani!" anajibu Lyndon.

Siku Noreen atakapoliachia jina, Lyndon hataki jukwaa. Anataka kuliimba kwa kelele dimbwini kwenyewe, maji yakimfika magotini. Kama yatakuwapo.